Siti Iko Wazi Kweli? Hivi Ndivyo Sensa Hujua Umekaa, na Kwale Walianza Zamani Bila Kelele

Weka mfuko wa viazi kwenye siti ya mbele ya gari ya kisasa, halafu dere aondoke. Gari italia ting, ting, ting mpaka mtu avifungie viazi mkanda. Gari haijaona viazi. Imehisi uzito, ikaamua hapo kuna abiria, na haitaki stori nyingi.

Hiyo ndiyo sensa ya siti kwa ufupi. Ya kwenye gari hutumia waya, imeunganishwa na kompyuta ya gari na habari haitoki nje. Sasa toa waya, weka betri ndogo na redio. Ile siti inaanza kuongea na watu walio mbali: msee anayengoja mathree pale Msambweni akitaka kujua kama inayokuja kutoka Lunga Lunga iko na nafasi, tajiri wa gari aliyekaa kejani Likoni, ama mwenye ofisi ya kushare kule Diani anayetaka kujua meza ngapi ziko na watu saa nne asubuhi.

Kitu chenyewe kinajibu swali moja tu: kuna mtu ama hakuna. Kwa lugha ya kompyuta hiyo ni biti moja. Mathree ya siti 14 ni biti 14, hata baiti mbili hazijai. SMS moja ya kawaida hubeba baiti 140, kwa hivyo ukipanga vizuri, hali ya siti zote za mathree 80 inaingia kwenye SMS moja. Kutuma habari si shida. Kazi ngumu ni kuhakikisha ile biti moja haidanganyi, na baada ya hapo kujua nani anaruhusiwa kuisoma.

Siti inajuaje?

Njia ya kwanza ni mkeka wa presha. Ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye nyaya ndani, unaiweka chini ya sponji ya kiti. Ukikaa, nyaya zinagusana ama upinzani wa umeme unashuka, na chipu inajua. Ni bei nafuu, haioni sura yako, haijui jina lako. Shida ni ileile ya viazi. Kiroba cha unga, sanduku la samaki, begi ya shule, vyote ni abiria. Halafu kuna mama amempakata mtoto: watu wawili, siti moja, na mkeka unasema mmoja.

Ya pili ni infraredi, zile sensa nyeupe za mviringo zinazowasha taa ukipita kwenye korido ya hoteli. Hizi hazitoi kitu chochote, zinangoja joto la mwili likisogea mbele yake. Ulaya zinafanya kazi fiti kwa sababu chumba kiko nyuzi 20 na ngozi yako iko kama nyuzi 33, tofauti inaonekana wazi. Njoo Diani mwezi wa pili, kaskazi inavuma, hewa mchana yenyewe inagonga nyuzi 32. Mtu na hewa wanakaribiana joto na sensa inaanza kubahatisha. Tena inataka mwendo. Ukikaa tuli unasoma, ama umelala kwenye kiti cha ufukweni baada ya pilau, itasema siti iko wazi.

Na hapo bado hatujataja nyani. Diani iko na ngedere, nyani na mbega weupe kwa weusi, wale ambao shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwalinda tangu 1997 na kuwatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara. Ngedere akipanda kiti cha hoteli kutafuta mkate uliobaki, infraredi itaona mwili wenye joto unaosogea. Kwa sensa huyo ni mgeni amefika breakfast.

Ya tatu ni rada, na hapa sizungumzii ile ya kusalimiana. Ni chipu ndogo inayorusha mawimbi mafupi sana ya redio, ya gigahazi 24 ama 60, na kusoma yanavyorudi. Ni makini kiasi kwamba inaona kifua kikipanda na kushuka mtu akipumua. Ndiyo maana kampuni za magari zinaitumia kugundua mtoto aliyesahauliwa siti ya nyuma, na Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, walianza kuipa teknolojia ya aina hiyo pointi 2023. Mfuko wa viazi haupumui, kwa hivyo rada haidanganyiki nao. Lakini inakula umeme kuliko mkeka, na bei yake pia iko juu.

Kuna njia za kuzungukia pia. Unaweza kupima hewa ya kaboni: nje iko kama sehemu 420 kwa milioni, na chumba kilichofungwa chenye watu kinapanda haraka kwa sababu kila mtu anapumua. Ni nzuri kwa darasa ama ofisi yenye AC. Chini ya makuti, upepo wa bahari ukipita kila upande, sahau. Unaweza pia kuhesabu simu kwa Wi-Fi ama Bluetooth, ila Mkenya wa kawaida ako na laini mbili na wengine simu mbili, na tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu hubadilisha utambulisho wake wa Wi-Fi ili zisifuatwe ovyo. Namba inayotoka hapo ni makisio.

Na ukitaka kujua tu gari imejaa kiasi gani bila kujali siti ipi, pima uzito wa gari zima. Reli ya JR East kule Tokyo inafanya hivyo kwenye laini ya Yamanote. Mabehewa yanakaa juu ya mito ya hewa, presha ya ile mito inaonyesha mzigo, na tangu 2014 abiria anaona kwa simu behewa lipi limebanana na lipi liko na nafasi. Hakuna aliyeweka kitu chini ya makalio ya mtu.

Redio, betri na chumvi

Wengi hudhani shida iko kwenye sensa. Mara nyingi iko kwenye betri. Chukua ile ya duara kama shilingi, CR2032, inabeba kama miliampia 220 kwa saa. Kama kifaa chako kinatumia wastani wa maikroampia 15, piga hesabu: saa 14,600 hivi, yaani miezi 20. Kifaa hichohicho ukikiacha kiunganishwe na Wi-Fi muda wote kinamaliza betri ndani ya saa chache. Kwa hivyo siri ni usingizi. Sensa nzuri inalala karibu siku nzima, inaamka pale hali inapobadilika, inatuma neno moja, inarudi kulala.

Redio nayo ina mambo yake. Bluetooth na Wi-Fi za kawaida ziko kwenye gigahazi 2.4, na mawimbi hayo mwili wa binadamu unayameza vizuri sana kwa sababu sisi wengi wetu ni maji. Mathree tupu sensa zinasikika zote. Ikijaa, za siti ya nyuma zinaanza kupotea. Yaani mtambo unakosa habari wakati ule hasa unaouhitaji. LoRa, inayotumia masafa ya chini karibu megahazi 868, inapenya vizuri zaidi na inafika kilomita kadhaa ukiweka antena juu ya jengo refu, lakini inapitisha data kidogo sana. Kwa biti 14, kidogo ni nyingi.

Halafu Pwani iko na adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana: chumvi. Upepo wa bahari unaila shaba ya saketi polepole. Fundi yeyote wa simu Ukunda atakwambia simu za wavuvi na mabichi boi zinakujaga na kutu ya kijani kwenye chaji. Sensa ya kukaa miaka miwili hapa inahitaji kupakwa vanishi ya saketi ama kuzamishwa kwenye resini, la sivyo miezi michache imekwisha.

Kwale walianza na pampu

Kama unafikiri hizi ni stori za Silicon Valley, cheki hapa nyumbani. Kaunti ya Kwale imekuwa na sensa zisizo na waya kwenye kitu cha umma kwa zaidi ya miaka 10. Hazikuwekwa kwenye siti. Ziliwekwa kwenye pampu za maji za mkono.

Pampu yenyewe inaitwa Afridev, na ilijaribiwa Kwale miaka ya 1980 kabla ya kusambaa Afrika na Asia. Ukienda vijiji vya Msambweni mpaka Lunga Lunga utaipata: bomba la chuma, mpini mrefu, akina mama na watoto wamepanga mitungi. Ikiharibika watu hurudi kwenye visima vya wazi ama kutembea mbali, na aliye Kwale mjini hana njia ya kujua mpaka mtu apige simu ama apande boda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, wakaja na wazo rahisi. Ndani ya mpini waliweka kipima mwendo, chipu ya aina ileile inayogeuza skrini ya simu yako ukiilaza. Mpini ukipanda na kushuka, chipu inahesabu. Hesabu inatumwa kwa SMS kupitia mtandao wa kawaida wa simu. Pampu iliyozoea kutumika asubuhi na jioni ikinyamaza ghafla, kuna noma, fundi atumwe.

Walianza Kyuso, Kitui. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilichukua wastani wa siku 27 kurekebishwa. Baada ya sensa pamoja na kikosi cha mafundi, muda ukashuka chini ya siku 3. Kisha wakaleta mtambo Kwale kwa mamia ya pampu, na huduma ya ukarabati inayoitwa FundiFix ikaanza kufanya kazi Kitui na Kwale, vijiji vikilipa ada na mafundi wa hapohapo wakitengeneza.

Soma tena hiyo sentensi ya siku 27. Sensa haikutengeneza pampu hata moja. Aliyetengeneza ni fundi mwenye pikipiki, spea na mshahara. Sensa ilimwambia tu aende wapi. Miradi mingi ya teknolojia hapa kwetu inakufa kwa sababu mtu alinunua sensa akasahau fundi.

Na kuna zawadi hawakuitarajia. Mtetemo wa mpini hubadilika kidogo kulingana na kina cha maji chini ya ardhi. Kwa kufunza kompyuta isome ile mitetemo, watafiti walionyesha kwenye utafiti uliochapishwa 2017 kwamba pampu za Kwale zinaweza kukisia maji yako umbali gani chini. Sensa iliyowekwa kujibu swali moja ikaanza kujibu lingine. Kwa maji hiyo ni baraka. Kwa siti, shikilia hiyo pointi, tutairudia.

Siasa ya mathree

Turudi barabarani. Kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga unapita Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni, Ramisi. Siti moja haiuzwi mara moja. Msee anashuka Tiwi, mwingine anakalia palepale hadi Ukunda, wa tatu anaenda Msambweni. Tajiri aliyekaa nyumbani haoni hiyo. Anaona doo anazoletewa jioni na hesabu waliyokubaliana.

Sensa ikiunganishwa na GPS inaonyesha siti namba 9 imekaliwa na watu wanne tofauti, kutoka wapi hadi wapi. Tajiri atapenda sana. Makanga hatapenda, na usikimbilie kumuita mwizi. Ile tofauti kati ya alichokusanya na alichopeleka ndiyo humlipa kamagera wa steji, kuosha gari, chai ya asubuhi, na vile vitu vidogo vya njiani ambavyo havina risiti. Mfumo unaohesabu siti bila kuhesabu hizo gharama unamlaza njaa mtu mmoja tu.

Tushaona hii sinema. 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipia nauli kwa kugusa. Serikali nayo ikasukuma nauli bila pesa taslimu 2014. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Kadi zilifanya kazi vizuri tu. Wale walioshika pesa mkononi ndio hawakuwa na sababu ya kuitaka.

Abiria naye angefaidika vipi? Kwanza, wale jamaa wanaokaa kwenye mathree steji ionekane inajaa, kisha wanashuka mmoja mmoja gari ikikaribia kutoka. Wewe umeingia ukidhani imebaki siti mbili, kumbe mko watatu. Sensa ya siti peke yake itadanganywa nao pia, kwa sababu wamekaa kweli. Lakini historia ya siti haidanganyiki: ikiwa siti sita hukaliwa na kuachwa kila baada ya dakika chache gari ikiwa haijasonga, mchezo umeonekana.

Pili, ni usalama. Sheria za Michuki zilizoanza Februari 2004 zilileta mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano. Kila mtu siti yake, mwisho wa stori. 2020 Covid ilipoingia, mathree za watu 14 zikaambiwa zibebe 8. Mara zote mbili kipimo kilikuwa macho ya polisi barabarani, na macho ya polisi yana mambo yao. Sensa ingejua siti zimejaa, lakini wale wa "sogea kidogo dadangu" waliosimama wamekunja shingo mlangoni, hao haiwaoni. Kwa waliozidi unahitaji uzito wa gari ama kihesabu cha mlangoni.

Na usidhani kuzidisha watu ni jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba kupita uwezo wake, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Feri haina siti za kuhesabu, watu husimama. Hapo kazi ni ya kihesabu cha geti: mwale unaokatwa kila mtu akipita, ama rada ya juu ya mlango, na namba inayofunga geti ikifika kikomo. Teknolojia hiyo ni rahisi kuliko ya siti.

Nani anasoma hiyo biti?

Sasa ile pointi niliyokwambia ushikilie. Januari 2016 wafanyakazi wa gazeti la Daily Telegraph, London, walifika kazini wakakuta viboksi vyeusi vimebandikwa chini ya meza zao. Ziliitwa OccupEye, sensa za joto na mwendo. Bosi alisema ni za kupima matumizi ya umeme na nafasi. Waandishi wakaona ni za kuwahesabia dakika za choo. Stori ikalipuka, na viboksi vikatolewa siku hiyohiyo.

Biti haina jina. Lakini meza ikiwa yako kila siku, biti ni wewe. Vilevile siti ya mbele ya mathree inayokaliwa kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kutoka Gazi: ukiunganisha na M-Pesa iliyolipa nauli, una jina, namba na ratiba ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hiyo kuwa data ya kibinafsi, na ofisi ya Kamishna wa Data inaweza kupiga kampuni faini ya hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mwenye kuweka sensa anatakiwa akwambie anakusanya nini na kwa nini. Bango dogo mlangoni lingetosha kuanzia, na data ikihesabiwa kwa saa badala ya kwa siti, hatari nyingi zinaisha hapo.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Kuna madogo wa kompyuta Ukunda watasoma hii na kutaka kujenga, kwa hivyo hizi hapa za bure. Chukua ESP32, ina Wi-Fi na Bluetooth ndani, na sensa ya presha inayopoteza upinzani ikibanwa. Usiamini kipimo kimoja. Sema mtu amekaa tu kama presha imeshikilia sekunde 5 mfululizo, na sema ameondoka baada ya sekunde 30, ndiyo barabara yenye matuta isikuhesabie abiria 40 kati ya Waa na Tiwi. Weka viwango viwili tofauti, cha kuingia kikiwa juu na cha kutoka kikiwa chini, maana mtu huinuka na kujipanga. Soma sensa gari ikiwa tupu kila asubuhi, kwa sababu sponji huzama na kizingiti cha mwezi jana si cha leo. Halafu panda mwenyewe siku nzima na daftari, uandike kila anayekaa na kushuka, jioni ulinganishe na sensa yako. Makanga umuage kabla, umwambie unachofanya, na siti uliyokaa uilipie.